Ulimi wa Kuazima

Mimi sionji chakula nikiwa na saumu. Wako wanaosema ncha ya ulimi haidhuru, unaonja kisha unatema. Shauri yao. Mimi ninajijua: mchuzi ukishagusa ulimi wangu, koo linauvuta lenyewe, na saumu imekwenda. Kwa hiyo Ramadhani nzima ninapika kwa macho na pua, na chumvi ananionjea Milcah.

Milcah ni jirani yangu, tunapakana ukuta hapa Ukunda. Kwao ni bara, anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, na Jumapili huenda kanisani. Kila Ramadhani, alasiri ikiingia, huja na kijiko chake mkononi bila ya kuitwa. "Mama Swabir, leo tunaonja nini?" Mtoto wa watu ana roho nzuri, na kula anapenda, mashallah.

Jumamosi ile nilimwomba aje asubuhi, twende pamoja sokoni, maana dada yangu Ummi alikuwa anakuja kufuturu.

Ummi ni mkubwa wangu, tumezaliwa wawili tu, na ndiye mpishi wa harusi kuanzia Msambweni mpaka Lunga Lunga. Harusi ya binti wa ami yetu, mimi nilipewa sufuria ya wali wa nazi. Ummi akapita na upawa wake, akaonja, akasema mbele ya wanawake wote waliokuwa wakimenya vitunguu: "Mwanapili, wali wako hauna ladha. Maji matupu." Mbele ya watu! Mimi! Nikaweka mwiko chini, nikajitanda leso yangu, nikaondoka bila ya kula. Tangu siku ile sikukanyaga kwake wala yeye kwangu. Salamu tulitumiana kwa midomo ya watu, kavu kavu.

Sasa wiki ile akanipigia simu mwenyewe. "Jumamosi nitafuturu kwako." Akakata. Nilibaki nimeshika simu. Nilikuwa na hamu ya dada yangu mpaka ninaumwa, nisiwafiche. Na nilijua nafasi ni hii moja: futari ikimpendeza, tumerudiana. Isipompendeza atakula kidogo, atashukuru kama mgeni, atapanda gari lake arudi Msambweni, na ndiyo basi tena.

Tukaanza kwa Charo, muuza nazi. Nazi hainunuliwi kwa sura. Unaitikisa sikioni usikie maji, kisha Charo anaivunja na wewe unaonja yale maji. Yakiwa matamu, unachukua. Yakiwa yamechacha, anaitupa, na yeye ananijua, hanibishii. Lakini leo nina saumu, basi nikamsogeza Milcah mbele, nikamkingia leso yangu ili watu wasimwone akinywa mchana.

"Mama Swabir, umekuja na wakili leo?" Charo akacheka.

"Vunja nazi, wacha maneno."

Milcah akaonja ya kwanza. Tamu. Ya pili, tamu. Ya tatu, Charo hajamaliza hata kuifungua, mimi harufu imeshanipiga pale niliposimama.

"Na hiyo?" nikamuuliza.

Milcah akafikiri, akalamba midomo. "Pia hii iko sawa. Tamu tu."

"Yarabi! Milcah, hiyo imeoza!"

"Aki Mama Swabir, usinikasirikie. Kwetu nazi ni ya kupaka kwa nywele."

Charo alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Mimi sikucheka, nilikuwa na shughuli. Nikaiangalia ile nazi, nikamwangalia na mwonjaji wangu, nikajiambia: chumvi si nazi, chumvi kila mtu anaijua. Nikachagua zilizobaki kwa pua yangu mwenyewe.

Tulipofika kwa wauza matunda nikaona mabungo. Mabungo hasa, ya manjano, yameiva yenyewe, si yale yanayochumwa mabichi yakafunikwa gunia. Muuzaji alikuwa ameyapanga mafungu kwenye gazeti. Akampasulia Milcah moja. Milcah akatia kokwa mdomoni, akafumba macho, mabega yakapanda mpaka masikioni.

"Hii ni tunda ama ni dawa?"

"Tema basi."

Hakutema. Akafyonza hiyo, akafyonza ya pili, akamaliza bungo zima chini ya leso yangu, kisha akauliza kwa nini hoteli inawapa wageni juisi ya boksi na kitu hiki kipo hapa. Alinunua mafungu yake, akarudi tena akaongeza, akataka kujua mbegu inapandwa vipi. Nikamvuta mkono. Jua lilikuwa linakwenda, na mimi kitu nilichokijia sijakipata.

Nilitaka ng'onda ya papa. Ummi tangu utotoni, umpe kuku, umpe mbuzi, roho yake iko kwenye papa mkavu wa nazi. Na siku hizi ng'onda nzuri huipati kila ukitaka. Nikaipata kwa Mbwana, mwisho kabisa wa soko, vipande vinene vimetoka Shimoni, vimekauka sawasawa. Nilifurahi mpaka nikampa Milcah mkoba wote abebe.

"Bi Mwanapili," Mbwana akanambia, "hii iloweke sana. Aliyeianika hakuionea huruma kwa chumvi."

"Wewe Mbwana unanifundisha mimi ng'onda?"

"Haya mama, samahani."

Nyumbani nikalowesha ng'onda kwenye beseni, Milcah akakalia mbuzi kukuna nazi, na mimi nikachuja tui. Saa zilikuwa zimetukimbia. Nikabandika mchuzi, kitunguu, nyanya, maembe mabichi, tui jepesi. Ukachemka vizuri, unanukia mpaka saumu inauma. Mara nikasikia adhana ya alasiri, na mimi hata udhu sina.

"Milcah, ninakwenda kusali. Onja huo mchuzi. Kama chumvi haitoshi, ongeza."

Sasa fahamuni. Papa yuko bado kwenye beseni. Mtu wa pwani yeyote anajua kuwa mchuzi wa ng'onda hautiwi chumvi. Chumvi anakuja nayo papa mwenyewe. Mimi nilisema vile kwa mazoea, kama ninavyomwambia kila siku, akili yangu iko kwa Ummi. Milcah wa watu akaonja, akakuta hakuna chumvi hata chembe, akatia. Akaonja tena, akatia tena. Nikarudi, nikamtia papa ambaye hata hakulowa vya kutosha, nikamwaga tui zito juu yake.

"Chumvi?"

"Sasa iko sawa kabisa, Mama Swabir."

Nikambusu kwenye paji la uso.

Ummi aliingia magharibi ikikaribia, amekonda kidogo, buibui lake jipya. "Shikamoo dada." "Marahaba." Tukapeana mikono, hatukukumbatiana. Adhana ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende na sharubati ya mabungo, tukasali, tukakaa mkekani: mimi, Ummi na Milcah. Suleiman, mume wangu, alikuwa kwenye kiti chake na sahani yake.

Nikampakulia Ummi papa, pande la katikati. 

Suleiman ndiye aliyetia tonge la kwanza. Akaacha kutafuna. Akaniangalia, akaangalia sahani, akanyoosha mkono kwenye jagi la maji akanywa bilauri nzima bila ya kupumua. Nikatia langu. Lo! Ilikuwa ni bahari yenyewe! Ulimi uliniwaka. Milcah kashika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Nikasema moyoni, basi, kwisha, dada yangu amekwenda.

Nikamgeukia Ummi. Ummi alikuwa anakula. Anatia tonge, anatafuna polepole, anameza, anatia jingine. Uso mkunjufu.

"Mashallah, Mwanapili," akasema. "Leo umekikoleza. Sawa sawa kabisa."

Nilidhani ananikejeli, na hasira zikanipanda. Lakini Ummi hana kejeli ya namna ile. Yeye akikutukana, anakutukana wazi. Na mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye papa tena.

Milcah hakuweza kujizuia. "Mama, kwani hiyo chumvi huisikii?"

Mkono wa Ummi ukasimama. Akatuangalia mmoja mmoja: Suleiman na jagi lake, Milcah, kisha mimi. Akaelewa. Akaliweka tonge sahanini taratibu.

"Imezidi sana?" akaniuliza.

"Haiingii mdomoni, dada."

Akainamisha kichwa. "Mimi sisikii kitu, Mwanapili. Tangu homa ile ya mwaka wa barakoa. Chumvi, sukari, pilipili, vyote ni maji tu. Nilidhani itarudi. Harusini ninapika kwa macho, na binti yangu alikuwa akinionjea kwa siri, sasa ameolewa Jego. Ningemwambia nani? Nani atampa sufuria mpishi asiye na ulimi?"

"Na wali wangu?" Sauti ilinitoka ndogo.

"Siku ile nilionja masufuria yote. Yote yalikuwa maji matupu. Niliingiwa na hofu, nikataka kupiga kelele. Wengine ni watu, nitawaambiaje? Nikakupigia kelele wewe, kwa sababu wewe ni wangu."

Mimi ni mkali, kila mtu anajua. Lakini nilimvuta dada yangu na vidole vyake vya mchuzi, tukalia pale mkekani kama watoto, hata Milcah akalia, naye hajui vizuri analilia nini. Suleiman akaenda kutuletea maji mengine. Kisha Ummi akaanza kucheka, akauliza ni nani hasa aliyetia chumvi kwenye ng'onda. Milcah akainua mkono, na tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Nikakaanga mayai, tukala na mkate. Ummi akawa anaongea na mkate mdomoni.

"Baada ya Idi nina harusi Lunga Lunga. Masufuria sita." Hakuniangalia. "Utakuja unionjee?"

"Nitakuja," nikamwambia. "Na nikikwambia wali wako hauna ladha, utanyamaza, utatia chumvi."

"Nitanyamaza," akasema Ummi, ambaye hajawahi kunyamaza maisha yake yote, na akanilalia begani.