Kunde za Mama na Mafuta ya Kivumbasi

Fauzia alifungua ndoo ya mbegu zake za kunde akapiga ukelele. Fukusi walikuwa wamejaa hadi kwenye kifuniko, na kunde nyingi zilikuwa zimetobolewa.

"Wifi, nimekwisha!" alimwambia Maimuna, mke wa kaka yake, aliyekuja mbio kutoka nyuma ya nyumba. "Hizi ni kunde za marehemu mama. Kijiji kizima cha Mwabungo hakuna mwingine aliyebaki nazo!"

Maimuna alikuwa akitengeneza sabuni za manukato na kuziuza Diani. Alikuwa na sufuria kubwa yenye kifuniko cha kubana. Alikuwa akichemsha majani humo, mvuke ukipita kwenye mrija uliozamishwa katika maji baridi, na mafuta yakidondoka chupani. Siku hiyo alikuwa amechemsha kivumbasi, na ua mzima ulinukia.

"Usizimwage," alisema. "Kivumbasi chafukuza mbu. Kwa nini kisiwatoe hawa?"

"Na kikiua mbegu zenyewe?"

"Tujaribu chache kwanza."

Walijaza kunde katika chupa mbili za kioo. Moja Maimuna aliitia pamba iliyolowa mafuta, nyingine akaiacha hivyo hivyo, wakaziba zote. Fauzia hakutulia. Kila akipita alichungulia, mpaka Maimuna akamwambia akafue nguo.

Asubuhi, katika chupa isiyo na mafuta, fukusi walikuwa wakipanda na kushuka kama kawaida. Fauzia akaichukua ile ya pili na kuitikisa. Wadudu waliporomoka chini kama pilipili manga iliyosagwa.

"Wamekufa! Maimuna, njoo uone, wamekufa!"

Wakashikana mikono wakarukaruka. Swabir, mume wa Fauzia, alitoka na mswaki mdomoni akidhani kuna msiba.

Siku hiyo hiyo waliipepeta ndoo nzima, wakatia pamba za mafuta na kuifunga. Lakini juma lililofuata Fauzia aliona fukusi wapya wakitambaa, na uso ukamshuka.

Maimuna alipasua kunde moja kwa ukucha. Ndani mlikuwa na funza mdogo mweupe. "Hawa walikuwa wamejificha ndani. Mafuta yamewaua wakubwa, wadogo wakasalia. Turudie."

Walirudia, kisha wakarudia tena, mpaka ndoo ikafunguliwa bila kuonekana mdudu hata mmoja anayetembea.

Likabaki lile lililomnyima Fauzia usingizi: je, mbegu zitaota? Alichagua kunde zisizo na tundu, akazifunga katika kitambaa chenye maji na kusubiri. Baada ya siku chache alikifungua. Vimizizi vyeupe vilikuwa vimechomoza, vingine vimeshapenya kitambaa.

"Alhamdulillahi!" alisema, akacheka huku machozi yakimtoka. "Ziko hai, wifi! Ziko hai!"

Kunde zilizotobolewa alizianika juani ili harufu ipungue, akazipika kwa nazi. Swabir alionja tonge la kwanza, akasita.

"Mmepika kunde au sabuni?"

"Kula," alisema Fauzia, "leo nina furaha, usiniharibie."

Mvua iliponyesha alipanda shamba lote. Jirani yao Esha alisimama kwenye ua na chupa tupu mkononi, akiuliza kama na mahindi yake yaliyoingiwa na fukusi yatapona. Maimuna hakujua. Alichukua kisu akaenda kukata kivumbasi kingine, na Esha akamfuata nyuma akiharakisha.