Zamu Ilipoanzia Mlangoni

Katika chumba kile cha mikutano, mkuu wa wizara ndiye aliyesema kwanza siku zote. Wengine walifuata kwa vyeo mpaka kiti cha mlangoni, cha binti mmoja, mchumi kijana. Zamu ilipomfikia, kazi yake ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu.

Leo mkuu aliingia na skafu shingoni. "Koo limegoma," alinong'ona. "Anzeni mlangoni. Tuufunge mpaka ili nafaka isitoke nchini, au tusiufunge?"

Binti aliitazama simu yake. Kaka yake, dereva wa lori, alikuwa amepeleka mahindi nchi jirani na bado hajavuka kurudi. Mara ya mwisho walipofunga, jirani naye alifunga, na lori lililokuwa mbele ya kaka yake likachomwa moto na wenyeji wenye hasira.

"Haya, mdogo wetu," alisema mzee wa forodha aliyekaa kando yake. "Au na wewe koo limegoma?"

Watu wakacheka, huku macho yote yakimchungulia mkuu. Uso wake haukusema kitu.

"Tusifunge," alisema binti. "Tukifunga, bei itashuka kwetu kwa muda, tutapigiwa makofi. Lakini jirani naye ana wapiga kura wake. Atazuia mafuta yetu yanayopita kwake ili asionekane mnyonge, na hapo hakuna atakayethubutu kufungua wa kwanza. Mkulima naye, bei ikimwangukia, msimu ujao atalima kidogo."

Mkuu alikohoa, akainamia kikombe chake. Nimekwisha, binti aliwaza.

Mzee wa forodha alilamba midomo. "Naungana na mdogo wangu."

"Na mimi," akasema wa tatu.

"Na mimi."

Kauli ikazunguka meza mbio mbio, bila swali hata moja.

"Basi hatufungi," mkuu alinong'ona.

Simu ikatetemeka mkononi mwa binti. Akatoka nje ya mlango.

"Mdogo wangu, huku wanasema mnafunga. Nijifiche wapi?"

"Hatufungi, kaka. Vuka tu, uje."

Alipokata simu, hofu haikumtoka. Ilizidi. Angesema tufunge, mzee wa forodha angelamba midomo vilevile na kuungana naye.

Akarudi ndani.

"Jamani, samahani. Kabla hatujatawanyika, naomba mmoja wenu anipinge."

Wote wakageuka kuutazama uso wa mkuu.