Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaani walimwita Mpimaji, naye jina hilo alilibeba kama cheo. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amepima viwanja, mashamba na barabara, na kama kuna jambo aliloliamini hapa duniani, ni kwamba kitu kikipimwa sawasawa hakina ujanja tena. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki mbili akihesabu vigae vya sakafu. Siku ya kumi na tano alimtangazia mkewe kwamba atamshonea gauni.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na watu wote walimwita Sista. Saa hiyo alikuwa anavua viatu baada ya zamu. Akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Gauni la kuvaa?"

"Kwani kuna gauni la kuezekea?"

"Nauliza tu, baba watoto. Tangu unioe sijakuona ukitunga uzi kwenye sindano."

Lakini Mpimaji alikuwa ameshaamua. Baada ya wiki mbili wauguzi wangefanya karamu ya kumuaga mkubwa wao wa kazi, na Sista angevaa kitu kilichotoka mikononi mwa mumewe. Cherehani ilikuwepo, ya Sista mwenyewe, aliyokuwa akiitumia kukunja pindo za mashuka. Kilichobaki kilikuwa kitambaa. Fundi wa ghorofa ya chini, mama mwenye pini mdomoni mchana kutwa, alimshauri aanze na pamba.

"Satini inateleza, baba. Ukiishika huku inatorokea kule."

Mpimaji alimshukuru sana kwa ushauri, akaenda akanunua satini.

Siku ya kupima, Sista alisimamishwa katikati ya sebule, mikono ameinyoosha. Mpimaji alivuta utepe kutoka bega hadi kiwiko, akafumba jicho moja, akaandika. Akarudia. Akarudia tena.

"Ukimaliza usisahau kuweka mawe ya mpaka," Sista alisema. "Majirani wasije wakaniingilia."

"Tulia. Unanitikisia vipimo."

Kiwiliwili cha gauni hakikumsumbua sana. Balaa lilianza kwenye mikono. Alikata vizuri, akashona vizuri, akalinyanyua gauni kulitazama, na hapo akaona kwamba mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Sista alipotoka kazini alilikuta limetandazwa mezani, mumewe akilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

"Kumbe!" akasema kwa upole. "Na huyo mke mwenye mikono miwili ya kushoto anaishi wapi? Niambie tu, sitagomba."

Mpimaji alifumua. Akakata mkono mwingine, ukawa mwembamba. Akafumua tena, akapunguza upande wa bega ili uingie, bega likapanda shingoni. Akarekebisha shingo, mgongo ukavuta. Kila alipotibu huku paliuma kule, na kila alipokata gauni lilizidi kupungua, mpaka Sista akauliza kama lilikuwa bado lake au limeshakuwa la mdogo wake. Sindano tatu zilivunjika. Kuna mchana Mpimaji aliisemesha cherehani maneno ambayo hata vibarua wake wa zamani hawakuwahi kuyasikia.

"Liache, mume wangu," Sista alimwambia siku ya tano. "Nina nguo kabatini."

"Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge."

"Ni kweli. Ila nguo uliyoyavulia haya maji ni yangu."

Mpimaji alicheka kidogo, kisha akarudi kufumua.

Jumamosi ya karamu ilifika. Saa tisa alasiri Mpimaji alishuka ngazi, gauni ameliviringisha kwapani, akamkabidhi fundi. Fundi alilinyoosha dirishani, mwanga ukapenya kwenye mashono. Kila mahali palipowahi kupita sindano palikuwa na tundu, mistari kwa mistari ya matundu.

"Umefumua mara ngapi, baba?"

"Saba. Labda nane."

"Satini haisahau. Hata nikilishona mimi litachanika akiinua mkono kusalimia watu." Akalikunja taratibu, akamrudishia. "Hukushindwa kushona. Ulishindwa kuacha."

Mpimaji alipanda ngazi polepole. Sista alikuwa kitandani anapaka viatu rangi. Mpimaji aliliweka gauni mbele yake, akaketi.

"Niambie ukweli. Litapona?"

Sista hakumjibu kwa mzaha, kwanza. Alilichukua, akaligeuza, akaingiza kidole kwenye kwapa moja, kidole kikatokea upande wa pili. Ndipo akavaa ile sura yake ya wodini, akatazama saa ya ukutani.

"Saa tisa na dakika ishirini na mbili," akatangaza. "Ndugu wa marehemu wapo?"

Mpimaji alijaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu hata akajishika mbavu, na kilipoisha akahisi mabega yake mepesi, kama mtu aliyetua gunia asilojua kwamba alilibeba.

"Nilitaka uwe na kitu nilichokufanyia mimi," akasema. "Miaka yote hiyo nimewapimia watu wengine."

"Umenifanyia," Sista alisema. "Wiki mbili nzima nimeenda kazini na hadithi mpya kila asubuhi. Wodi nzima inakusubiri."

Haukuwa utani. Walipoingia ukumbini jioni ile, kabla hata hawajapata viti, muuguzi mmoja alimwamkia Mpimaji na papo hapo akauliza habari za mkono wa kulia. Mwenye karamu mwenyewe alimvutia kiti. Mpimaji alisitasita, kisha akaanza kusimulia toka mwanzo, akisimama kuonyesha bega lilivyopanda shingoni, na meza mbili za jirani zikageuza viti zisikilize.

Sista alikuwa amevaa gauni la bluu. Alipoinuka kwenda kumkumbatia rafiki yake, Mpimaji alikatiza simulizi na kumwangalia. Mabega yalikuwa mahali pake. Mgongo haukuvuta popote.

"Hili lilishonwa lini?" alimuuliza aliporudi.

"Mwaka wa nne huu. Ulikuwa porini, unapima barabara."

Mpimaji aligusa mshono wa bega kwa ncha ya kidole, kwa heshima ya mtu anayejua sasa kazi iliyomo.

"Limekukaa," akasema.

"Najua," Sista akajibu, akamsogezea kinywaji.