Kopo Nyuma ya Droo ya Mboga

Kwa zaidi ya miaka kumi Mama Kidoti aliwaringia majirani kwamba mumewe huosha friji mwenyewe kila Jumamosi, tena bila kuombwa. Wenzake walimwonea wivu, naye akaufurahia wivu wao. Angejua mume huyo anafuata nini humo ndani, angefunga mdomo wake.

Jumamosi hiyo Baba Kidoti, fundi saa, alikuwa amekwenda kung'olewa jino, na friji ikaanza kuvuja. Mama akatoa kila kitu. Nyuma kabisa ya droo ya mboga akakuta kopo la bati, lile la vipuri vya saa. Akalifungua. Ndani mlikuwa na mchanga wenye unyevu uliochanganyika na mbegu nyeusi, ndogo kama vichwa vya pini, na juu yake kadi moja iliyofungwa kwenye nailoni. Mwandiko ulikuwa wa mumewe.

"Kidoti wa kwanza, amekufa mwaka wa tatu. Kidoti wa pili, amekufa mwaka wa tatu, mvua ilizidi. Kidoti wa tatu, ameishi minne. Kidoti wa nne, anachoka."

Akakaa palepale kwenye maji.

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee, na alikufa mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Wiki mbili kabla ya homa iliyomchukua, alipanda nyuma ya jikoni mche wa akwilejia aliopewa na mwalimu wake: ua la zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, kila petali ikiwa na kijimkia kilichopinda kwa nyuma. Tangu hapo Mama hakuruhusu mtu aliguse. Kila asubuhi alilisalimia, "Umeamkaje, mwanangu," kabla hajamsalimia hata baba mtu.

Tena aliwahi kusikia kwamba maua hayo huzaa ovyo, yakachanganyika na ya jirani na kuleta watoto wa rangi zisizoeleweka. Basi kila mwaka, vifuko vya mbegu vilipoanza kukauka, alivikata vyote kwa mkasi wake wa kushonea na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Hakutaka mgeni pale. Alitaka mzizi uleule ulioshikwa na vidole vya mwanawe.

Baba Kidoti akarudi shavu limevimba, pamba mdomoni. Akamkuta mkewe amekaa sakafuni na kopo mapajani.

"Hii ni nini, Baba Kidoti?"

Akaitoa pamba, akaiweka mfukoni, jambo ambalo siku nyingine lingezua ugomvi.

"Ua lile haliishi sana, mke wangu. Miaka mitatu, minne, limekwisha. La Kidoti lilikufa ulipokuwa kwa dada yako. Nililing'oa mwenyewe, mzizi wote umeoza."

"Na lililopo?"

"Nilikuwa nimeotesha miche kwenye dirisha la karakana. Nikaingojea itoe maua, nikachagua uliofanana. Kila mmoja akichoka, usiku umelala, mwanawe anashika nafasi."

Mama alimtazama kana kwamba ameingia nyumba isiyo yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemsalimia nani?"

"Mtoto wake. Halafu mjukuu. Sasa hivi ni kitukuu."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya," akasema. "Ungelikuta shimo, ungekufa na wewe."

Alitaka kumtupia kopo. Badala yake akauliza, "Mbegu umezipata wapi? Mimi nazikata zote."

"Kwenye ndoo ya taka. Kila mwaka nangoja umalize kutupa."

Hilo ndilo lililomvunja. Kama mwanamume huyu asingepekua takataka, nyuma ya jikoni pangekuwa udongo mtupu tangu mwaka ule wa tatu, na mkono uliokikata kizazi cha ua lile ungekuwa wake mwenyewe.

Akainuka na nguo zake zilizolowa, akatoka nje. Kidoti wa nne alikuwa na maua mawili tu, majani yamekonda. Mama alichuchumaa, akatafuta jina la kumwita. Alizoea kusema mwanangu. Alikuwa amemzika mtoto wake wa pekee, na haikuwahi kumjia kwamba mtoto huyo angekuwa na mjukuu, sembuse kitukuu.

"Hizo za koponi ni za huyu?" akauliza bila kugeuka.

"Za huyu. Bado wiki mbili za baridi ya friji, bila hiyo haziamki. Halafu unazinyunyiza juu ya udongo, huzifukii, zinataka mwanga."

"Nitanyunyiza mimi." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Na ukinificha kifo cha huyu, meno yaliyobaki nitakung'oa mwenyewe."

Kisha akaingia ndani, akautoa mkasi wa kushonea msumarini, akampa mumewe aufiche.