Nebbiolo ya Samuye

Mtu akikwambia Valerian alikuwa mkaidi, usibishe. Chupa ya watu ilikaa nyumbani kwake Samuye miaka sita, ikaja njaa ambayo mpaka leo watu hawapendi kuitaja, na bado hakuiuza.

Ilikuwa mali ya Piero, Mtaliano, fundi wa mitambo kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Aliletwa Tanganyika akiwa mfungwa wa vita. Vita vilipokwisha wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki na mashine zake. Valerian alikuwa msaidizi wake, na siku mkanda wa mashine ulipomkamata shati, Piero ndiye aliyemchomoa, yeye mwenyewe akabaki na kovu mkono mzima. Mtu wa namna hiyo humnyimi kitu.

Mwaka 1947 dada yake Piero alimtumia chupa moja ya divai nyekundu, Barolo, ya zabibu ziitwazo nebbiolo, alizozichuma baba yao kwa mkono wake. Piero akianza kuzisimulia zabibu hizo, chai ilipoa. Huchelewa kuiva, alisema, mpaka ukungu ushuke vilimani, na divai yake ikiwa changa inakaba ulimi kama ndizi mbichi. Iache miaka, italainika, itanukia waridi. Baba alikwisha kufa, shamba liling'olewa wakati wa vita, na chupa ile ndiyo iliyobaki. Lakini pale kambi ya mgodini watu walikuwa wanakunywa hata spiriti ya taa. Basi akampa Valerian aipeleke nyumbani Samuye.

"Itunzeni kama mnavyotunza mbegu," alimwambia. "Nitakuja kuinywa."

Jamani, angesema kitu kingine chochote! Piero alijua kwamba Msukuma atalala njaa na mbegu imo ndani. Lakini hakuwahi kuingia nyumbani kwa Msukuma akaona mbegu yenyewe inakaa wapi. Serafina, mke wa Valerian, aliiviringisha chupa kwa majani, akaipandisha darini juu ya mafiga, penye joto na moshi, pale ambapo wadudu hawathubutu kuugusa mtama. Nyumba nzima haikuwa na mahali pa heshima kupita pale.

Mvua ya 1949 ikakataa, Valerian akiwa amekwisha kuacha kazi ya mgodini na kurudi kulima. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa iliisha, watu wakachimba mizizi, na Tabu, mtoto wao wa pekee, akavimba miguu. Hapo ndipo alipotokea mfanyabiashara mmoja wa Kishapu, aliyesikia habari za chupa ya Mzungu, na debe la mahindi begani. Serafina alisema mara moja tu, "Baba Tabu, mpe." Valerian akajibu kwamba amana ya mtu haiuzwi. Yule bwana akajitwika debe lake, akaenda zake. Tabu alizikwa kabla mvua hazijarudi.

Serafina hakulitaja tena lile debe. Valerian ndiye aliyelala nalo na kuamka nalo. Alishikilia jambo moja tu, kwamba siku Piero atakapoinywa ile divai, itajulikana hakukataa bure.

Piero alifika 1953 kwa lori, mapafu yameliwa na vumbi la mawe, akikohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alikwisha kumwambia apange mambo yake. Walimkalisha kwenye kigoda uani, Serafina akaishusha chupa, nyeusi kwa masizi. Mzee aliitazama chupa, akatazama kule juu ya moto ilikotoka, naye alijua divai hutaka ubaridi.

Valerian aling'oa kizibo. Alikuwa amewahi kutumikia misa misheni, harufu ya divai aliijua, na hii ilikuwa siki. Akamkabidhi Piero chupa.

Piero akamimina kikombeni maji ya rangi ya matope. Serafina alikuwa amesimama mbele yake, mikono kifuani, akauliza taratibu kama imekaa vizuri. Habari za Tabu na za lile debe Piero alizijua, watu wa mgodini walikwisha kumsimulia. Akanywa kikombe chote, polepole.

"Ni ya baba," alisema. "Ni yenyewe, Mama Tabu. Mungu akubariki."

Machozi yakamtoka Piero. Valerian hakupata kumpenda mtu kama alivyompenda mzee yule saa ile.

Walimsindikiza mpaka kwenye lori, wakarudi. Serafina aliokota kikombe, akakinusa. Alikuwa mpika pombe tangu usichana wake.

"Imechacha," akasema. "Nilijua ulipong'oa kizibo."

Valerian akamwuliza kwa nini basi alinyamaza.

"Mgonjwa anameza siki ili mimi nisilie. Ningemwambia nini? Sasa ameondoka, naweza kulia."

Akakaa chini palepale uani, akajifunika khanga usoni, akamlilia mwanawe kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje. Valerian akainama kumshika bega.

"Usiniguse, Baba Tabu," akasema. "Leo usiniguse."