Siku Soksi Alipofunguliwa Kamba

Mbwa aliitwa Soksi kwa sababu ya miguu yake myeupe, na kwa miaka minne hakuna aliyeuliza ni wa nani. Alikuwa wa fundi miwani. Ndiye aliyemchukua akiwa mdogo wa kuenea kwenye kapu, akamnywesha maziwa kwa kijiko, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo siku alipomeza kifungo cha koti. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, hana mume wala mtoto, na tangu mama yake afariki aliishi peke yake ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko. Asubuhi alimtembeza Soksi kwenye bustani ya umma, kamba mkononi, kisha akaenda karakanani kusaga lenzi hadi jioni.

Ndipo mdogo wake wa kike aliporudi. Ndoa ilikuwa imevunjika huko alikokaa miaka saba, akaja na masanduku mawili na macho yaliyovimba. Dada mtu alimpokea kwa moyo mweupe. Alimpa chumba cha mama, akamwambia akae mpaka apate kazi na pumzi.

Haikupita hata mwezi, Soksi akahama. Hakuhama nyumba, alihama mtu. Akawa analala mlangoni mwa chumba cha mdogo mtu. Fundi akirudi kazini mbwa alitikisa mkia mara mbili, kama mtu anayeitikia salamu ya jirani, halafu akarudi kulala. Mdogo mtu akienda dukani dakika tano tu, akirudi mbwa aliruka mpaka vikombe vikatikisika mezani.

Fundi alijitia hamnazo. Lakini roho ilimuuma, na maumivu yenyewe hayakuwa mapya. Tangu utotoni wageni walikuwa wakiingia wanauliza yule mdogo yuko wapi. Hata mama, katika wiki zake za mwisho, alikuwa akioshwa na kugeuzwa kitandani na mkubwa huku akiuliza mdogo anafika lini.

Kilichomchoma zaidi ni bustani. Getini palikuwa na kibao kikubwa: mbwa wafungwe kamba wakati wote. Mdogo mtu alikipita kibao kile kama hakioni. Akifika kwenye nyasi anamfungua Soksi, mbwa anatimka mpaka ng'ambo ya bwawa, naye anapiga mluzi mmoja tu. Soksi anageuka palepale na kurudi mbio. Mlinzi wa bustani alikuwa ameshamwonya mara mbili, lakini mdogo mtu ana kicheko chake, na mlinzi aliishia kucheka naye. Fundi alimkumbusha nyumbani kwamba mbwa ni mbwa, ipo siku ataumiza mtu.

"Dada, ananisikia mimi," mdogo mtu alijibu, bila ubaya wowote. "Hawezi kwenda popote."

Fundi aliondoka na neno hilo moja. Ananisikia mimi.

Jumamosi moja mdogo mtu aliamka na homa, hakuweza kuinua kichwa. Fundi akachukua kamba. Mlangoni alisita, halafu akavua koti lake na kuvaa la mdogo wake, lile jekundu. Hakuna aliyemwona, na hata hivyo alisikia aibu. Alitaka mbwa anuse harufu anayoipenda ikitoka kwake.

Asubuhi ile bustani ilikuwa na watu wachache. Alitembea mpaka kwenye nyasi, akainama, akamfungua Soksi. Mbwa akatimka. Fundi alimwacha afike mbali, moyo ukimdunda, kisha akapiga mluzi. Ulitoka hewa tupu. Akapiga wa pili, ukatoka vizuri. Soksi alisimama, akamtazama, akaona si yule. Akaendelea zake.

Alimwita kwa jina. Aliita tena kwa sauti ya kubembeleza, halafu kwa ukali. Mbwa alikuwa ameona njiwa kwenye njia ya mawe, na kwenye njia hiyo hiyo alikuwa akija mzee mmoja mpiga chapa, mstaafu, aliyefanyiwa upasuaji wa goti na kuamriwa atembee kila asubuhi. Soksi hakumng'ata wala hakumbwekea. Alimpitia tu miguuni kwa kasi. Mzee akaenda chini na mkono mbele, miwani ikaruka ikavunjikia kwenye jiwe.

Fundi, aliyekuwa akimfuata mbwa kupitia kwenye miti, alisikia yowe. Alimwona mzee yuko chini, watu wawili wakikimbilia pale, na mlinzi naye akitoka kibandani. Soksi, kwa kutishwa na zile kelele, akamjia mwenyewe. Hapo angeweza kwenda mbele. Alijua hivyo wakati ule ule. Badala yake alimfunga mbwa kamba, akapita geti dogo, akarudi nyumbani, akalitundika koti pale lilipokuwa.

Saa tano mlinzi alibisha hodi. Alikuwa na daftari lake na uso usio na kicheko. Alieleza kwamba mzee amevunjika kifundo cha mkono, kwamba mbwa anajulikana, na koti jekundu ameliona mwenyewe kwa macho yake. Mdogo mtu alitoka chumbani akiwa amejifunika shuka. Aliangalia koti kwenye msumari, akamwangalia dada yake. Fundi akainama kumpapasa Soksi.

"Ni mimi," mdogo mtu akasema. "Niandike mimi."

Mlinzi alipoondoka fundi aliuliza kwa nini. Mdogo mtu alijibu kwamba yeye ndiye aliyemzoesha mbwa kukimbia ovyo, na kwamba dada yake amemlisha na kumhifadhi miezi minne bila neno, basi na yeye abebe kitu kimoja. Akarudi kulala. Fundi alishusha pumzi, na kwa siku mbili nzima alishukuru.

Siku ya tatu shukrani iliisha.

Mdogo mtu alikuwa ameshakwenda kwa mzee, homa bado mwilini, kumwomba radhi. Mzee alikuwa mjane, mkono wa kulia uko kwenye plasta, hawezi hata kufunga vifungo. Basi mdogo mtu akawa anakwenda kila siku: anampikia, anamsomea magazeti. Wiki ya pili mzee alikuwa anamwita binti yangu. Muuza magazeti alimsimamisha fundi njiani kumwambia ana mdogo mwenye utu, siku hizi watu wanaokiri makosa yao ni wachache. Mlinzi alisema hivyo hivyo. Hata mama wa ghorofa ya kwanza, ambaye hamsifii mtu, alimsifu.

Fundi aliitikia, akitabasamu kwa meno tu. Alijua kwamba sifa zile hazikuwa zake kwa vyovyote. Angekuwa amesema ukweli angeshutumiwa. Lakini wivu haufanyi hesabu hiyo. Aliona tu kwamba hata kosa lake mwenyewe, likiingia mikononi mwa mdogo wake, linageuka kuwa pendo.

Kisha mdogo mtu akaleta miwani iliyovunjika pamoja na cheti cha daktari wa macho, akaviweka juu ya meza ya karakana. Aliomba kwa sauti ya chini dada atengeneze yeye mwenyewe, asimpe mwanafunzi wake wa kazi. Fundi aliifanya kazi ile siku mbili. Alisaga lenzi mpaka ukingo ukakaa ndani ya fremu bila kulazimishwa, akaisafisha, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule. Jioni mdogo mtu alirudi akicheka: mzee ameivaa, amesoma mpaka maandishi ya chini kabisa kwenye chupa ya dawa, na amemshika mkono akatokwa na machozi.

Usiku ule fundi hakula. Asubuhi ya Jumapili alipiga moyo konde akaenda kwa mzee.

Alimkuta kwenye kiti dirishani. Alimwamkia, akasimama, akasema bila kuzungukazunguka kwamba yeye ndiye aliyemfungua mbwa siku ile, kwamba alimwona ameanguka akakimbia, na mdogo wake alikuwa kitandani na homa.

Mzee alivua miwani kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akaivaa tena.

"Mdogo wako alikuja siku ya tatu kwa kosa lisilo lake," alisema mwishowe. "Wewe umekuja wiki ya sita kwa kosa lako. Na hata leo sijui umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili yako."

Fundi alitaka kukana, akashindwa, kwa sababu mzee alikuwa amempata. Akasema ni kwa ajili yake mwenyewe. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akasema miwani ataendelea kuivaa kwa kuwa anaona nayo vizuri, lakini leo hamkaribishi kukaa.

Kutoka hapo alikwenda kibandani kwa mlinzi, akafutisha jina la mdogo wake na kuandikisha lake. Sharti lilikuwa Soksi ahudhurie mafunzo miezi mitatu, mwenye mbwa akiwapo kila mara, na akionekana tena bila kamba asikanyage bustanini. Fundi alitia saini.

Nyumbani, alipomweleza, mdogo mtu alikasirika kuliko alivyowahi kumwona.

"Yule mzee alikuwa ananipenda, Dada," alisema. "Nilikuja hapa sina mtu. Ulishindwa kuniachia hata hicho?"

"Nilishindwa," fundi akajibu. "Nakuonea wivu. Mbwa, mzee, mama, wote. Nimechoka kujifanya sioni."

Mdogo mtu alikaa kwenye kiti cha jikoni. Hasira ilimtoka kidogo kidogo. Alisema wivu ule anaujua tangu wakiwa wadogo, na hakuwahi kujua aufanyeje. Kisha akasema jambo ambalo fundi hakulitarajia: kwamba naye, katika wiki zile za mwisho, kila alipopiga simu mama alikuwa akimsimulia jinsi mkubwa anavyomwosha, jinsi mikono yake ilivyo laini, mpaka akawa anatamani kukata simu.

Fundi hakuwa amewahi kuambiwa. Alimwomba arudie, neno kwa neno, nini hasa mama alisema. Mdogo mtu akarudia.

Mzee hakuacha kumpenda mdogo mtu. Alimpigia simu siku iliyofuata kuuliza mbona hajaja. Fundi hakuitwa. Mafunzo yalianza Jumamosi, kwenye uwanja mkavu nyuma ya shule. Soksi alivuta kila upande, mwalimu akamwambia fundi asimpigie kelele, asimame tu mpaka kamba ilegee. Akasimama. Ilichukua muda mrefu, jua likawa kali, watu wengine wakamaliza wakaondoka, na yeye alikuwa bado amesimama pale akisubiri.