Kuifufua Pikipiki ya Pacifique

Julienne, msusi wa kutoka Uvira, Kongo, aliyekuwa akiishi mtaa wa Point jijini Durban, alikuwa amepanda pikipiki mara chache sana maishani mwake, tena kwa kufumba macho na kumng'ang'ania mdogo wake kiunoni kama mtu anayezama. Kwa hiyo wenzake wa saluni walidhani anatania aliposema kwamba msimu huu wa baridi, kila Jumapili baada ya ibada, atakuwa Sydenham akitengeneza pikipiki.

"Wewe?" walimcheka. "Na kucha hizo?"

Kesho yake alikuja kazini kucha amezikata.

Pikipiki ilikuwa ya Pacifique, mdogo wake. Mama yao alipofariki, Pacifique alikuwa bado ananyonya kidole, na Julienne ndiye aliyemlea, akamvusha mipaka mmoja baada ya mwingine mpaka wakafika Durban. Hapa mtoto akawa mwanamume. Alinunua pikipiki ya zamani yenye tangi jekundu, akaitengeneza kwa mikono yake, akawa anapeleka vyakula majumbani. Siku moja ya mwezi wa tatu, mvua inanyesha, taxi ilipita robot, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu na kumgonga ubavuni.

Hakufa. Watu walimwambia Julienne amshukuru Mungu, naye alishukuru, kwa sababu alikuwa bado hajajua anashukuru nini. Hospitali ilimrudishia mtu anayetembea akishikwa mkono, anayekula akilishwa, asiyesema neno lolote, na anayemtazama dada yake kama unavyomtazama mgeni mliyeketi naye kwenye benchi moja. Daktari hakumficha. Alisema kilichorudi ndicho hicho, na zaidi ya hapo asijipe matumaini makubwa.

Lakini moyo wa Julienne haukujua kusikiliza madaktari. Alimweka Pacifique kwenye kiti karibu na dirisha, na pale alitulia. Pikipiki za vyakula zilipita chini mchana kutwa, na kila moja aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona.

"Anatafuta ya kwake," Julienne alimwambia Marie, jirani yao wa mlango wa pili. "Akiisikia ya kwake atarudi. Nakuambia, Marie, atarudi."

Marie alikuwa mama wa makamo asiyependa kubishana na mtu mwenye uchungu. Alisema tu kwamba siku za Jumapili yeye atakaa na mgonjwa.

Mabaki ya pikipiki yalikuwa kwa Cyrus, Mkenya mmoja mhadhiri wa takwimu chuoni. Pacifique ndiye aliyekuwa fundi wake na rafiki yake. Baridi ya Durban si ya kutisha, lakini Cyrus na wenzake walikuwa watu wa kuendesha pikipiki milimani, Drakensberg, na huko mwezi wa sita barabara hushika barafu. Basi kila mwaka msimu huo pikipiki zao zililala kwenye gereji ya Cyrus kule Sydenham. Walimwaga oili ya zamani, wakapaka cheni grisi, wakatoa betri, na mwenye hamu ya kufungua injini aliifungua yote na kuitandaza juu ya turubai. Kwao ilikuwa starehe, na katikati ya starehe hiyo, miaka yote, alikuwa Pacifique na redio yake ya Kikongo.

Jumapili ya kwanza Cyrus alimfunulia Julienne kile kilichobaki. Usukani ulikuwa umekunjwa kama waya wa kuanikia nguo. Tangi lilikuwa limebonyea, taa haipo, gurudumu la mbele limekuwa yai. Kutu ilikuwa imeanza kuingia kila mahali palipokwaruzika.

Julienne aliinama akaligusa tangi. "Prof," alisema, "itapona?"

Cyrus alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya usukani, pale fremu inaposhikana na uma wa mbele. Kidole kilisita hapo. Kisha akasimama na kujipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tutajaribu, dada yangu," alisema.

Wakaanza. Cyrus alimwonyesha spana ipi ni ya nati ipi, naye akawa anafungua, anasugua kwa brashi ya waya, anaosha kwa petroli, anapanga. Kabureta ilikuwa imeziba kwa mchanga, akaizibua kwa sindano. Mikono ikaanza kunuka petroli, wateja wakalalamika, akavaa glavu. Wenzake Cyrus, ambao mwanzoni walimwachia njia kama watu wanavyomwachia mfiwa, walimzoea, wakawa wanamtania na kumwomba bisibisi.

Na lisilotarajiwa ni kwamba alipenda. Wiki nzima alihudumia kitu kisichopata nafuu. Alimwogesha Pacifique, akamnyoosha viungo, akamsemesha, na kesho yake akaanza upya palepale. Huku gerejini ukisugua kutu, kutu inatoka. Ukikaza nati, inakaza. Alirudi nyumbani Jumapili jioni uso umemchangamka, akaketi mbele ya mdogo wake, akamlisha na kumpa habari.

"Leo tumeweka ringi mpya, Pacifique. Prof anasema silinda yako iko muzuri, haikuumia."

Pacifique alitafuna.

Siku moja alikuja na mkono wa klachi, wenye alama ya meno ya spana aliyoiacha Pacifique mwenyewe zamani, akamwekea kiganjani. Vidole vilijikunja juu yake. Julienne aliinama karibu. Vidole vikakunjuka, chuma kikaanguka sakafuni. Jumapili iliyofuata aliwaambia watu wote gerejini, "Aliushika! Niliona kwa macho yangu, aliushika." Hakutaja kuanguka.

Mwezi wa saba ukiwa unaisha, Nkatha, mke wa Cyrus, alimwita jikoni kunywa chai. Nkatha alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo hakuzunguka.

"Mama, mume wangu ana jambo na ameshindwa kukuambia. Fremu ya hiyo pikipiki imepasuka shingoni. Aliiona siku ya kwanza. Haichomeleki ikawa salama. Hata mkimaliza kila kitu, hakuna mtu ataikalia."

Julienne aliweka kikombe chini. Kupitia mlango alimwona Cyrus amesimama uani, mgongo ameugeuza, akijua fika kinachosemwa.

"Basi njo ile alikuwa anagusa," alisema taratibu.

"Ndiyo hiyo. Utusamehe. Alikuona ulivyokuja na matumaini, akakosa mdomo."

"Mimi sitaki imubebe," Julienne alisema. "Nani atamupandisha tena juu ya ile kitu? Mimi nataka aisikie tu. Nkatha, ile sauti hata mimi niliijua. Ikiwa bado iko mbali kwa kona, mimi naweka ugali mezani, na akifika juu anakuta unatoa moshi. Masikio hayakuvunjika. Daktari mwenyewe alisema masikio ni mazima."

"Na asipoijua?"

Julienne alikiinua tena kikombe. Alimaliza chai, akasuuza kikombe, akarudi gerejini. Hakumlaumu Cyrus kwa neno hata moja. Alichukua msasa akaendelea na tangi, na Cyrus akaja akachuchumaa upande wa pili, wakasugua wote wawili bila kuinua macho.

Injini iliwaka katikati ya mwezi wa nane. Cyrus alikuwa amepiga kiki mpaka shati limemlowa, wakabadilisha plagi, akapiga tena. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Kisha ikashika. Sauti ilikuwa ileile, yenye kikwaruzo kidogo mwishoni, kama mzee anayesafisha koo. Wanaume walipiga makofi. Julienne alilia, akajifuta kwa mkono wenye oili, akabaki na mstari mweusi shavuni.

Jumamosi iliyofuata Cyrus alikwenda Point na gari, akamchukua Pacifique na dada yake. Julienne alikuwa amemnyoa, amemvalisha jaketi lake la zamani. Kulikuwa na jua la baridi lile safi lisilochoma. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki uani, hatua kadhaa kutoka pikipiki, ambayo walikuwa wameiegemeza ukutani na kuifunga kamba isianguke. Tangi jekundu lilikuwa linang'aa. Pacifique alilitazama kama alivyotazama ukuta.

"Washa, Prof," Julienne alisema.

Kiki ya kwanza haikushika. Ya pili ikashika, na uwanja mzima ukajaa mngurumo.

Pacifique alisimama.

Alisimama mwenyewe, pasipo mkono wa mtu. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki, akanyoosha mkono pasipo kupapasa, akaushika ufunguo na kuizima. Cyrus alirudi nyuma. Nkatha, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni.

"Pacifique!" Julienne aliita.

Aligeuka. Na alimwona. Hilo Julienne aliliapia baadaye mbele ya daktari, mbele ya mchungaji, mbele ya kila aliyetaka kumwambia vingine. Alimwona na kumjua kwamba huyu ni dada yake.

"Yaya," alisema, jina alilomwita dada yake tangu utotoni.

Julienne alimkimbilia. Lakini Pacifique alikuwa ameshatazama pembeni, upande wa lango lililofungwa, na uso wake ulikuwa unabadilika.

"Yaya, iko nakuja."

"Nini, papa? Nini inakuja?"

"Iko nakuja. Iko nakuja."

Alianguka magotini kwenye saruji, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, na kutoka kifuani mwake ikatoka sauti ambayo haikuwa kilio wala ukelele. Julienne alimlalia mgongoni, akamkumbatia, akamwambia hakuna kitu, hakuna taxi, uko kwa Prof, uko na mimi. Hakumsikia. Alikuwa kule, kwenye mvua, na hakukuwa na wa kumtoa. Ilichukua muda mrefu mpaka alipochoka, na alipochoka macho yakawa yaleyale ya zamani, macho ya mgeni wa benchi.

Tangu siku hiyo hakusema tena. Kilichorudi ni hofu peke yake. Walipofika nyumbani, pikipiki ya kwanza ya vyakula ilipopita chini ya dirisha alijitupa sakafuni. Ya pili vivyo hivyo. Na Point pikipiki haziishi. Lile dirisha lililokuwa likimtuliza likawa adui. Julienne alilifunga, akalitundikia blanketi, lakini sauti hailali nje kwa sababu ya blanketi. Daktari alibadilisha dawa, na dawa zikamfanya alale sana, udenda ukimtoka.

Mwishoni Marie alimsaidia kubembeleza mwenye nyumba, wakahamia chumba cha nyuma, kilichoelekea ukuta wa jengo jingine. Kilikuwa na giza na harufu ya unyevu, na kilichosikika humo ni maji tu yakishuka kwenye mabomba. Hapo angalau Pacifique hakuanguka. Hakutazama kitu, lakini hakuanguka.

Cyrus alikuja siku moja, akaketi ukingoni mwa kitanda, kofia ya pikipiki kaiacha nyumbani kwa makusudi, mgonjwa asiione.

"Ningekukataza siku ile ya kwanza," alisema. "Ningekuambia nilichokiona, ungeiacha."

"Nisingeiacha, Prof," Julienne alimjibu. "Ungesema vile, ningetafuta mtu mwingine."

"Tuifanyeje sasa?"

"Tuifungue."

Wakaifungua Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa, vipande vile vile walivyovifunga kwa miezi miwili. Kazi hii haikuchukua muda. Fremu Cyrus aliikata kwa msumeno ili mtu yeyote asije akaichomelea na kumwuzia mwenzake. Vilivyobaki alivibeba Dulla, Mtanzania muuza spea, kwenye bakkie, pikapu yake ya mizigo. Alitaka kuuliza ilikuwa ya nani, akautazama uso wa Julienne, akafunga kamba tu na kuondoka.

Wenzake Cyrus walikuja baada ya wiki chache kutoa pikipiki zao. Barafu ilikuwa imeyeyuka milimani na msimu umefunguka. Walimpigia Julienne simu kumuaga. Aliwatakia safari njema, akawaombea tu kwa Mungu awafikishe na kuwarudisha, na alikuwa anasema kweli.

Jumatatu alikuwa kazini kama kawaida. Mteja wake wa asubuhi, mwanafunzi aliyetaka misuko myembamba, alikuwa hajafika pale saluni tangu kabla ya baridi.

"Mama, yule kaka yako aliyegongwa, hajambo?"

Julienne aligawa nywele katikati kwa ncha ya kitana, akaunyoosha mstari.

"Anaendelea," alisema. "Inamisha kichwa kidogo, mwanangu."